Pekee na Peke Yake

4 Februari

*Spishi*, nomino: kundi la viumbe walio na umbo moja la asili, wanaozaana wao kwa wao, na ambao uzao wao hufanana nao.

Mpwa wangu Hadubini,

Usinione mkosa adabu kwa kutanguliza fasili mbele ya salamu. Salamu huulizia lile linalomnyima mtu raha, na kwa sasa linaloninyima raha ni hilo hapo juu. Nimelitua, sasa nakusalimu. Mimi sijambo. Goti la kushoto hulalamika ninapopanda ngazi na kunyamaza ninaposhuka, nami nimeacha kuligombeza. Fundi cherehani wa chumba cha chini anakusalimu ingawa hajakuona. Amezoea mwandiko wako kwa kuwa yeye ndiye hupokea bahasha zangu na kuzichunguza kabla hajanikabidhi. Mwambie mama yako, dada yangu, asitume mtu kuja kuhakikisha kama ninakula. Ninakula.

Tangu mkazamjomba wako afariki, meza ya chakula imekuwa ya kadi za kamusi, na nimefika herufi S. Mchapishaji anaitaka kabla ya mwisho wa Julai. Fasili ya spishi niliyokuandikia imetokana na kamusi tatu zilizotangulia, na ninaishuku kwa sababu hiyo hiyo: zote tatu zinakubaliana mno. Wewe unashinda maabara ukitambua mwani mdogo usioonekana kwa macho. Unatumia kipimo gani kusema kwamba huyu ndiye yule na si mwingine? Usiniandikie mashairi. Niandikie kipimo.

Wala usinipigie simu. Maneno ya simu hayasahihishiki.

Mjomba wako.


19 Februari

Mjomba Nukta,

Shikamoo. Barua yako imefika, na Mama ameisoma kabla yangu kwa kisingizio cha kutafuta miwani yake ndani ya bahasha. Hajambo. Amepaka rangi chumba cha nyuma, amehamisha masanduku yake yote, na sasa kila mgeni lazima aoneshwe jinsi mwanga wa asubuhi unavyoingia dirishani. Nimemuuliza chumba ni cha nani, akaniambia niende nikaoshe vyombo. Ndani ya bahasha hii ameweka kitu. Amenikataza kukitaja, kwa hiyo sijakitaja.

Umeomba kipimo. Ninavyo kadhaa, na havipatani. Cha zamani kuliko vyote ni jicho: tone la maji juu ya kioo, kioo chini ya hadubini, kisha unatazama umbo, ukubwa, rangi, na kama kuna mkia au miba. Jicho likisita, ninatia tone la iodini. Mwani wa kijani huweka akiba ya wanga ndani ya seli, na iodini huugeuza wanga huo kuwa mweusi. Jamaa wengine wengi hawana akiba hiyo, nao hujifichua kwa kutobadilika. Kisha kuna vinasaba. Tunaivunja seli, tunanakili kipande kimoja cha vinasaba vyake mara nyingi mno, na mashine inatusomea mfuatano wake. Mfuatano wenyewe una herufi nne tu. Hebu fikiri, Mjomba: kamusi nzima ya uhai kwa herufi nne, nawe unalia na S!

Sasa nisikufiche. Vipimo hivi vimeniweka pabaya. Maabara yetu hutunza mwani hai ndani ya chupa, kama watu wanavyotunza mbegu, ili vituo vya kukuzia samaki na watafiti wapate aina wanayoitaka. Kazi yangu ni kuuhamisha kila mwani kutoka chupa kuukuu hadi mpya yenye virutubisho, usife njaa. Kuna mmoja tunaouita Wanne-Wanne, kwa kuwa jina lake la kitaalamu ni refu kuliko mwili wake. Mwanzilishi wa maabara aliandika kwenye lebo: seli nne zilizoshikana ubavu kwa ubavu, za pembeni zina miba. Juzi niliuweka chini ya hadubini. Wanne hawakuwapo. Niliona seli pekee, za mviringo, kioo kizima.

Mkuu wa maabara alichungulia, akanyoosha mgongo, akasema, "Binti, hapa umekaribisha mgeni."

Maana yake ni kwamba mwani mwingine umeingia chupani kupitia mikono yangu, ukamsonga mwenye nyumba hadi akaisha. Unajua niko katika kipindi cha majaribio kazini. Mwisho wa Juni ataandika tathmini. Nisipoonesha kwamba mwani huu ndio ule ule, chupa itamwagwa, nami nitamwagwa nayo.

Ni mimi,
Hadubini.


12 Machi

Hadubini,

Marahaba. Goti ni lile lile. Mvua imevuja juu ya sanduku la kadi za herufi M, na *maji* yamelowa, jambo ambalo fundi cherehani amelicheka kupita kiasi.

Habari ya kumwagwa nimeisoma mara mbili. Sitakufariji, kwa kuwa faraja si ushahidi, na wewe unahitaji ushahidi. Nina maswali. Lebo iliandikwa lini: mwani ulipotoka dimbwini, au ulipokuwa umekaa chupani miaka kadhaa? Je, mkuu wako amemwona huyo mgeni mahali pengine popote, au amemkisia kwa sababu mwenyeji haonekani?

Fasili yangu nilimsomea fundi cherehani. Akaniuliza bila kuinua mguu kwenye pedali, "Mzee, nguo ikifuliwa ikanywea, imekuwa nguo nyingine?" Nilipanda ngazi nikiwa nimeguswa na kina cha swali hilo. Nilipofika juu nikachungulia dirishani, nikaona mteja amesimama mlangoni kwake na suruali iliyomwishia magotini. Fundi hakuwa akifanya falsafa. Alikuwa akitafuta wakili.

Mwisho, na hili si dogo. Umeandika: "Niliona seli pekee." Sentensi hiyo ina maana tatu. Uliona seli tu, bila kitu kingine? Uliona seli za pekee, yaani zisizo na mfano? Au uliona kila seli ikiwa peke yake? Hayo ni mambo matatu mbalimbali, na mtu anayetaka kuokoa kazi yake hapaswi kuyafunga katika neno moja. Ipi?

Mjomba.


2 Aprili

Mjomba Nukta,

Shikamoo, na pole kwa *maji*. Sisi wazima. Mama ameweka rafu katika chumba cha nyuma, imara za kutosha kubeba mawe, au vitu vizito kama mawe. Anauliza kama kile kitu ambacho sikukitaja kilifika. Barua yako yote haina hata silabi moja juu yake, na ameisoma mara tatu, mara moja akiigeuza nyuma.

Lebo iliandikwa wiki ileile mwani ulipotoka dimbwini. Na mgeni hajaonwa popote. Nimepekua kabati zima la taa tunamotunzia mwani, chupa moja baada ya nyingine. Umeuliza vizuri.

Majibu ya vinasaba yametoka. Fundi wa mashine, ambaye huongea na mashine yake kuliko na sisi, aliniita kwa kidole. "Njoo umwone ndugu yako." Mashine iliulinganisha mfuatano wa herufi na mingine ambayo watafiti wameiweka katika hifadhi yao, ukalingana na ukoo wa Wanne-Wanne, si ukoo mwingine. Nilicheza na fagio ukumbini hadi mkuu akafungua mlango.

"Nani ameliweka jina hilo katika hifadhi ya mifuatano?" akauliza.

"Mtafiti fulani, Mkuu."

"Naye alilijuaje?"

"Alitazama kwa hadubini."

"Basi ni jicho lile lile limevaa koti la mashine. Akikosea yeye, mashine inarudia kosa lake kwa usahihi mkubwa. Tena ukoo huo una jamaa wengi. Umenionesha kwamba mgeni ni binamu wa mwenyeji. Hata binamu ni mgeni."

Nikarudisha fagio mahali pake.

Kuhusu *pekee* na *peke yake*: Mjomba, chupa yangu inangoja kumwagwa, nawe unasahihisha insha! Nitajibu hilo siku utakapomjibu Mama.

Hadubini.


24 Aprili

Hadubini,

Marahaba. Ninaandika kwa ufupi kwa sababu mchapishaji ameanza kunitumia vikumbusho vyenye alama za mshangao.

Mkuu wako yuko sahihi, na samahani kwa kusema hivyo. Katika kamusi zetu kuna neno moja, sitalitaja lisije likazaa, ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitamka. Mpanga herufi alikosea, kamusi ya pili ikanakili ya kwanza, na ya tatu ikaziona mbili zinakubaliana ikaridhika. Wingi wa mashahidi si kitu kama wote walisikia kwa mtu mmoja.

Na mimi sisahihishi insha. *Pekee* ni tabia ya kitu: kinakwenda nayo popote. *Peke yake* ni hali ya kitu: leo iko, kesho huenda haipo. Tabia huingia katika fasili, hali haiingii. Ukisema seli zako ni za pekee kwa asili, mkuu wako ameshinda, kwa kuwa lebo inaeleza kiumbe mwingine. Ukisema kila moja iko peke yake, unawajibika kuuliza tangu lini, na ni nini kilichokuwa kikiwaweka pamoja huko walikotoka. Swali hili ni la tangu Machi, nami bado nalingojea jibu.

Bahasha yako ya Februari ilinifikia salama pamoja na vyote vilivyokuwamo.

Mjomba.


17 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Mama yuko vizuri kupindukia. Nilipomsomea mstari wako wa mwisho alisema, "Kasema *vyote*. Basi kauona." Tangu siku hiyo anaimba jikoni, na haimbi vizuri.

Barua yako niliisoma nimesimama karibu na sinki, nikiwa nimekasirika. Nikaisoma tena, nikaketi. Ni nini kilichokuwa kikiwaweka pamoja huko walikotoka? Dimbwini kuna nini ambacho chupani hakipo? Jibu lilikuwa linaogelea katika tangi la chumba cha pili: viroboto wa maji, vidudu vidogo vinavyorukaruka na kula mwani mchana kutwa. Seli moja inamezeka. Seli nne zilizoshikana, zikiwa na miba pembeni, zinamkwama mlaji. Nikafungua majarida. Kumbe watu walikwisha kuandika kwamba mwani wa ukoo huu ukinusa maji walimoishi walaji wake, hushikana. Chupani hakuna wa kuwala. Wamekaa miaka kwa amani, na kwa amani wakaachana.

Nilikimbia, Mjomba, na aliyekimbia hakufikiri. Nilichota maji ya tangi la viroboto, nikamimina kwenye chupa, na baada ya siku chache nikawaona wanne! Nikamwita mkuu. Akatazama, akaenda mwenyewe kwenye tangi, akachota tone, akaliweka chini ya hadubini, akanikaribisha kwa mkono. Ndani ya tone lile mlikuwa na seli nne nne zikiota zenyewe tangini. Nilikuwa nimewahamisha wanne wa tangi hadi chupani, kisha nikapiga vigelegele kwa kuwakuta.

"Sasa kweli umekaribisha mgeni," akasema. Hakucheka, ila fundi wa mashine alicheka kwa niaba ya wote.

Sikukuandikia wiki ile kwa sababu ningeandika mashairi.

Nikaanza upya, polepole, na barua yako ikiwa imebandikwa juu ya meza. Nilivuta bomba la kioo juu ya moto hadi likawa jembamba kuliko unywele. Kwa bomba hilo, nikiwa nimebana pumzi, nilinyonya seli moja tu kutoka chupa ya zamani, nikaiosha katika tone baada ya tone la maji safi, nikaiweka katika chupa yake. Ikakua. Wote waliomo humo ni uzao wa seli ile moja. Binamu hana pa kuingilia. Uzao huo niliugawa. Nusu yake niliipa maji ya tangi la viroboto, yaliyochujwa kwa chujio ambalo hata seli ndogo kabisa haipiti: harufu tu, bila mnusaji wala mnuswaji. Nusu nyingine niliipa maji kutoka tangi lililo sawa na lile, ambamo hajawahi kuishi kiroboto, nayo yakachujwa vivyo hivyo. Zaidi ya hapo kila kitu kilikuwa sawa, hadi taa.

Asubuhi ya siku aliyoniahidi kuja, mkuu alianza na chupa ya maji yasiyo na harufu. Seli za mviringo, kila moja peke yake. Akahamia ya pili. Akazungusha skrubu ya hadubini mbele, akairudisha nyuma, akaizungusha tena, hadi fundi wa mashine akaacha kuongea na mashine yake.

"Zimeshikana," akasema mkuu.

"Ngapi ngapi, Mkuu?"

"Usinihoji. Nne."

"Na miba?"

"Nimekwambia usinihoji, binti. Miba ipo." Kisha akaondoa jicho kwenye hadubini. "Uzao wa seli moja?"

"Wa seli moja."

"Na chujio ulilikagua?"

"Nilikagua tone la maji yaliyochujwa kabla ya kuyatia. Hamna kitu."

Akachukua kalamu, akaenda kwenye kabati. Nilidhani anakwenda kufuta lebo. Chini ya maneno ya mwanzilishi aliongeza: *Mbele ya walaji. Pasipo walaji, seli hukaa moja moja.* Akatia sahihi yake, akanipa kalamu nitie yangu. Tathmini yangu imetoka jana, bila kungoja mwisho wa mwezi. Nimethibitishwa kazini. Mama amewaambia majirani kwamba nimeshinda kesi, na wanaulizia niliiba nini.

Basi nakujibu, kwa adabu zote na kwa kuchelewa: kila seli ilikuwa *peke yake*. Hazikuwa za *pekee*. Ningeandika hivyo Februari, huenda nisingepoteza miezi minne.

Sasa ni zamu yangu. Mama ameacha kuuliza. Anasema ufunguo ule una pacha wake kwa jirani, kwa hiyo ukiupoteza si neno, chumba kitafunguka tu. Loo, nimekitaja. Liwalo na liwe. Wewe je, Mjomba: ni mtu wa pekee, au uko peke yako? La kwanza halina ubishi katika ukoo huu. Nauliza la pili.

Mpwa wako uliyemwokoa kwa sarufi,
Hadubini.


5 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Nimeshuka ngazi mwenyewe kumpa fundi cherehani habari zako, na goti halikulalamika kwenda wala kurudi. Aliposikia habari ya chupa mbili alisema kwamba sasa ana jibu la yule mteja: suruali haikunywea, imenusa adui. Nimemkataza kulitumia mahakamani.

Usiseme nimekuokoa kwa sarufi. Sarufi iliuliza tu. Aliyebana pumzi juu ya bomba la kioo ni wewe. Nimependa zaidi lile jaribio lako la kwanza lililoharibika. Lingefaulu kwa bahati, usingejua kwamba ulikuwa umekosea.

Kuhusu ufunguo: haujapotea. Tangu Februari uko juu ya meza, unakandamiza kadi zangu zisipeperuke. Fundi aliniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni kizito cha karatasi. Alinitazama kama mkuu wako alivyolitazama tone lile la tangi.

Swali lako nimeliandikia kadi. Kadi hiyo bado haina fasili, na sipendi kuandika jambo ambalo sijalipima. Kwa sasa muulize dada yangu mlango wa chumba kile una upana gani, kwa kuwa meza yangu haikunjiki na nilikwisha kuipima. Muulize pia kama rafu zake zinavumilia masanduku ya kadi kutoka A hadi R, maana S hadi Z nitakuja nayo mkononi. Mwambie naulizia vipimo tu. Asiimbe.

Sasa tumalize kazi. Fasili yangu ya Februari imekufa, na chupa zako mbili ndizo zilizoiua. "Umbo moja la asili" nimelifuta. Nimeandika mahali pake: "ambao umbo lao huweza kubadilika kulingana na walio jirani nao". Mchapishaji atasema ni refu. Atalizoea.

Lakini jana usiku, nikiwa nimeshaifunga bahasha ya mchapishaji, jambo jingine likanifanya niifungue. Msomaji wa kamusi atataka kujua Wanne-Wanne wafananeje, na inanilazimu kutanguliza umbo moja. Nitangulize la dimbwini, ambako wameshikana kwa kuwa kuna wa kuwala? Au la chupani, ambako hakuna hofu na kila mmoja amekaa kivyake? Umenieleza kinachowafanya washikane. Hujanieleza bado kama, harufu ya adui ikiisha majini na chakula kikiwa tele, wakiwa wamekwisha kuzoeana ubavu kwa ubavu, wanaachana tena?

Mjomba wako.